Kutunza Motokaa Kuukuu Nyumbani

Ndugu mkulima, katika barabara itokayo Kisii kwenda Keroka na Sotik hupita magari ya kila namna, na mengi ni mageni yaliyoshushwa Mombasa juzi juzi. Lakini hata leo waweza kukutana na Peugeot 504 ya mzigo iliyobebeshwa ndizi mpaka springi zimelala, au Land Rover iliyomzidi umri dereva wake. Watu wengine huyacheka magari hayo. Mwenye shamba Borabu hayacheki, maana anajua maziwa hayangojei, na majani ya chai yakilala njiani huharibika.

Magari haya yalipata sifa yake kwa kazi. Land Rover ilionyeshwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, na bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Peugeot ilijulikana kwetu kwa mashindano ya Safari: ile ya 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, nayo 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Siku hizo Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, ulikuwa umekwisha kuwapa wazee wetu mashamba, na mtu aliyehitaji gari la kupita matopeni hakuuliza maswali mengi.

Jambo lililo kubwa kwako wewe mwenye gari la namna hii ni kwamba halina kompyuta ndani yake. Lilifanywa lifunguliwe kwa spana na bisibisi. Kwa hiyo kazi zake nyingi waweza kuzifanya mwenyewe uani pako, bila kumlipa mtu. Ziko na kazi nyingine ambazo ukizifanya nusunusu zitakuua, wewe na abiria wako. Sharti ujue mpaka kati ya hizo mbili.

MAJI

Tuanze na maji, maana injini nyingi za zamani hufa kwa joto kuliko kwa uzee. Hapa nitakukumbusha somo la shuleni. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Ukipanda juu, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema zaidi. Katika sehemu za Borabu zifikiazo mita 2000 juu ya bahari, maji huchemka kwa digrii kama 93 tu. Basi gari lako lina nafasi ndogo ya kupata joto kabla halijachemka kuliko gari la Mombasa, ingawa kwetu kuna baridi. Watu wengi hawalijui jambo hili.

Kinachokuokoa ni kifuniko cha rejeta. Si kizibo tu kama cha chupa. Kina springi na mpira, nacho huyabana maji yasichemke upesi. Kifuniko kizima cha ratili 9 huongeza digrii kama 15. Ukiona mpira wake umepasuka au springi imelegea, nunua kingine cha nguvu ile ile iliyoandikwa juu yake. Usifunge rejeta kwa kitambaa na karatasi ya nailoni kama wafanyavyo wengine. Hiyo ni kuitupa injini kwa ajili ya bei ya kifuniko.

Usitie maji ya mto. Yana tope, na tope hukaa katika mirija ya rejeta. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, ni bora zaidi. Changanya na dawa ya rejeta hata kama kwetu hakuna barafu, kwa kuwa dawa hiyo huzuia kutu. Mwenye Peugeot asikilize sana hapa: hedi ya 404 na 504 ni ya aluminiamu, na bloku yake ni chuma. Metali mbili hizo zikikaa katika maji matupu, aluminiamu huliwa. Na injini ikichemka sana, hedi hupinda, gasketi ikaungua, maji yakaingia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili ukaona rangi ya maziwa ya chai, usiwashe tena. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kusawazisha hedi.

Sina haja ya kusema kwamba kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto, lakini nasema.

BREKI

Milima yetu mnaijua. Mtu akitoka Manga na mzigo wa ndizi, au akiteremka kuelekea mtoni wakati wa mvua, hana kitu kingine cha kumsimamisha ila breki. Katika magari ya zamani mengi, breki zote nne hutegemea silinda moja kuu. Ikishindwa hiyo, zimeshindwa zote kwa pamoja.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani, na kwetu unyevu haukosekani. Mafuta yaliyokunywa maji huchemka haraka. Ukiteremka mlima mrefu ukikanyaga breki muda wote, magurudumu hupata joto, mafuta huchemka, mvuke huingia katika mirija, na kanyagio huenda mpaka chini bila kitu. Dereva husema breki zilikata ghafula. Hazikukata ghafula, zilianza kukata siku alipoacha kubadili mafuta. Yabadili kila miaka miwili. Na katika mteremko tia gia ya chini uliyoipandia. Wako wanaoacha gari lishuke bila gia ili wapunguze petroli. Petroli ya kijiko kimoja hailingani na maisha ya watu waliokaa juu ya mzigo.

Usitie kamwe oili ya injini, mafuta ya kupikia wala maji ya sabuni katika breki, hata kama uko njiani usiku. Oili huvimbisha mipira ya breki, na mipira ikivimba breki hujikaza au hukataa, na hapo sharti mipira yote ibadilishwe. Tia mafuta ya breki yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4, kutoka kopo lililofungwa. Kopo lililokaa wazi dukani tangu mwaka jana mwachie mwenyewe.

Kutoa hewa waweza kufanya nyumbani mkiwa wawili. Jaza silinda kuu. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi nayo. Vaa mpira mwembamba kwenye niplo ya gurudumu, na ncha ya pili itumbukize katika chupa yenye mafuta safi kidogo. Mwenzako akanyage taratibu na kushikilia. Wewe fungua niplo, mafuta na mapovu yatoke, funga kwanza, ndipo aachie. Rudieni mpaka mapovu yaishe, mkiangalia silinda kuu isikauke. Kisha endeleeni na gurudumu la pili. Ikiwa kanyagio bado ni laini, au hushuka polepole ukilikanyaga gari likiwa limesimama, hapo ndipo mpaka wako. Mwite fundi, na gari lisitoke uani.

MOTO WA PLAGI

Gari likikataa kuwaka asubuhi yenye ukungu, usikimbilie kulisukuma. Futa kwanza nyaya za plagi na kifuniko cha distribuita kwa kitambaa kikavu, ndani na nje. Mara nyingi ni hilo tu.

Kisha tazama pointi. Zikiwa na weusi, zisugue kidogo kwa msasa laini, uzifute kwa kitambaa safi. Zungusha injini kwa hendeli, gia ikiwa huru na swichi imezimwa, mpaka pointi ziwe zimeachana kabisa. Kwa Land Rover ya petroli ya lita 2.25, nafasi hiyo iwe milimita 0.35 hadi 0.40, na ya plagi milimita 0.75 hadi 0.80. Peugeot ifuate kitabu chake. Ukiwasha kwa hendeli, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudisha teke, dole lililozunguka hendeli huvunjika.

Onyo moja kwa wenye Land Rover za zamani sana. Zile za kabla ya mwaka 1967 hivi zilifungwa nyaya ya chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Nyingine zimebadilishwa tangu hapo. Basi tazama kwanza kabla hujafunga betri mpya au kuazima moto kwa jirani.

Juu ya petroli nitasema machache. Petroli yenye risasi iliondoka Kenya mwanzoni mwa mwaka 2006, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda vikalio vya valvu katika injini nyingi za zamani. Kwa hiyo pima nafasi ya valvu mara kwa mara. Ukiona inazidi kujibana, vikalio vinaliwa, na siku hedi ikifunguliwa mwambie fundi atie vikalio vigumu.

CHINI YA GARI

Bodi ya Land Rover haishiki kutu, lakini chesisi yake ni chuma. Osha matope ya chini kila wiki wakati wa mvua, hasa pembeni yanapojikusanya, na gongagonga kwa nyundo ndogo. Sauti ikiwa ya bati bovu, pale panahitaji kuchomewa.

Usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo ya mkaratusi yaliyokatwa sawa, na magurudumu mengine yazuie kwa mawe magumu. Jiwe la Tabaka ni zuri kwa kuchonga kiboko wala si la kubeba motokaa.

Ukienda kununua spea, ama mjini Kisii ama Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, chukua kile kilichoharibika mkononi, na namba ya chesisi kwenye karatasi. Mwenye duka akikuambia zote ni sawa, vipime viwili hivyo kimoja kando ya kingine hapo hapo kaunta, kabla hujatoa pesa.