Mchezo Unapohamia Ukumbi Mkubwa

Tangu muhula huu uanze, wazazi watatu na wanafunzi wengi kuliko hao wameniuliza swali moja. Kwa nini watu wa Kilosa walilia na watu wa Mikumi wakacheka, hali mchezo ulikuwa ule ule na waimbaji wale wale? Mhariri amenipa kurasa hizi nilijibu. Nitajaribu, ila itanibidi niende mbali kidogo kabla ya kurudi nyumbani, maana jambo hili limewapata wengi waliotutangulia.

Kwanza niwakumbushe wale wasiokuwapo. Mchezo wetu ni wa kuimba, yaani maneno mengi huimbwa na machache husemwa. Habari yake ni mafuriko ya mto Mkondoa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, maji yalipobomoa tuta yakaingia mjini Kilosa, reli ikaharibika, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Tuliuonyesha mara ya kwanza katika bwalo letu la chakula, meza zikiwa zimetolewa nje na wazazi wamekaa kwenye mabenchi. Katikati ya mchezo yuko mama anayetembea kwenye tope akiwaita watoto wake kwa majina. Siku ile, alipoita jina la tatu, mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango aliitika, "Yupo!" Hakuna aliyemwagiza. Wengine wakaitika pamoja naye, na tangu hapo hadi mwisho hatukujua tena nani mwimbaji na nani mtazamaji. Mpishi wetu, ambaye si mtu wa machozi, alitoka nje akasingizia kuangalia moto.

Kwa ajili ya siku ile tukaalikwa Mikumi. Tulikwenda kwa lori, na kule tukakuta jukwaa la mbao uwanjani, vipaza sauti vya kukodi, na watu labda mara tano ya wale wa bwaloni: wenyeji, wafanya biashara, na madereva wa malori ya barabara kuu ya Iringa waliolala pale usiku ule. Mama alipoanza kuita majina, kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama upepo unavyopita kwenye mahindi. Msichana aliyeimba, ambaye ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinyamaza kidogo, kisha akaendelea mpaka mwisho. Tuliporudi usiku aliniambia ndani ya lori, "Mwalimu, mimi jukwaani sirudi tena." Sikuwa na la kumjibu.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za michezo mingine iliyohama.

Wengi wenu mmeiona sinema ya "Sarafina!" ya mwaka 1992. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuwa sinema ulikuwa mchezo wa jukwaani. Uliandikwa na Mbongeni Ngema wa Afrika ya Kusini, na nyimbo akazitunga pamoja na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta. Habari yake ni wanafunzi wa Soweto walioandamana tarehe 16 Juni 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Jambo hilo si geni kwa mkoa wetu wa Morogoro. Vijana wengi waliokimbia nchi yao baada ya siku ile walifika Tanzania, na pale Mazimbu, katika shamba la zamani la mkonge, chama chao cha ANC kilijenga shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Shule ilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na majengo yake sasa ni ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Makaburi ya Waafrika ya Kusini waliofia huku yapo pale hata leo.

Mchezo huo ulianza mwezi wa Juni 1987 katika Market Theatre ya Johannesburg. Jengo lile zamani lilikuwa soko la matunda na mboga, na lilifunguliwa kuwa nyumba ya michezo mwezi ule ule wa maandamano, Juni 1976. Watu wa rangi zote walikaa humo pamoja wakati sheria za nchi zilitaka watengane. Fikirini basi mtazamaji wa mwaka 1987. Nchi imo katika hali ya hatari iliyotangazwa mwaka uliopita, watoto wa shule wamo vizuizini, na Nelson Mandela yumo gerezani. Mtu huyo haingii kujifunza habari asiyoijua. Pengine mwanawe mwenyewe hajarudi nyumbani. Mwishoni mwa mchezo wanafunzi wanaigiza siku ambayo Mandela atafunguliwa, nayo ilikuwa ndoto tu. Wimbo wa namna ile kwa mtu wa namna ile ni sawa na mzee wetu wa mlangoni.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mchezo ukavuka bahari mpaka New York, ukaonyeshwa Lincoln Center katika ukumbi mdogo wa viti 299, uitwao Mitzi E. Newhouse. Humo viti vimezunguka jukwaa pande tatu, na hata aliyekaa mstari wa mwisho yu karibu. Tarehe 28 Januari 1988 ukahamishiwa Cort Theatre, kwenye Broadway, jumba la mwaka 1912 lenye viti zaidi ya 1,000, watu wote wakitazama upande mmoja kutoka gizani. Ukaonyeshwa humo mara 597, hadi tarehe 2 Julai 1989. Kwa hesabu ya biashara hakuna awezaye kuuita mchezo huo umeshindwa.

Lakini palizuka maneno, na ndiyo yaliyonivutia. Wapo waliosema kwamba mchezo una furaha kupita kiasi: watoto wanapigwa risasi, na papo hapo wanacheza na kuimba kwa midundo ya mbaqanga, mtazamaji akatoka nje akipiga miluzi. Wengine wakajibu kwamba ndivyo vijana wa Soweto walivyokuwa, walizika huku wakiimba na kuandamana huku wakicheza, na asiyeelewa hilo hajaijua Afrika ya Kusini. Mimi naona pande zote mbili zilisema kweli, na kwamba neno ambalo halikusemwa sana ni ukumbi wenyewe. Katika jumba kubwa, miguu ishirini ikipiga sakafu kwa pamoja humfikia mtu wa kiti cha mwisho ghorofani. Sauti za kwaya humfikia. Chozi halimfikii. Midomo inayotetemeka haivuki mstari wa tano. Basi mchezo ule ule, bila ya kubadilishwa neno moja, ukihamia nyumba kubwa hupungua huzuni na kuzidi shangwe, maana shangwe ina miguu mirefu. Mtazamaji wa nyuma halaumiki. Amepokea kile kilichomfikia.

Tena kuna jibu la mtazamaji. Aliyeishi jambo huitika. Asiyeishi jambo hupiga makofi. Makofi ni heshima, sikatai, lakini ni heshima ya mgeni. Nadhani vijana wale wa Ngema walilijua hilo vizuri, kwa kuwa wengi walitoka katika vitongoji vya Waafrika, na yaliyokuwa mchezo usiku yalikuwa habari za nyumbani asubuhi walipofungua magazeti.

Karibu zaidi na kwetu kuna habari ya Kamiriithu, kijiji kilicho karibu na Limuru, Kenya. Mwaka 1977 wakulima na wafanya kazi wa pale walijenga wenyewe uwanja wa michezo usio na paa, wa viti zaidi ya 2,000, wakaigiza "Ngaahika Ndeenda", yaani "Nitaolewa Nikipenda", ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa mbele ya watu wote. Mpita njia akiona mwigizaji amekosea, kwa mfano namna mzee anavyokaa au mfanya kazi anavyomsemesha tajiri, alimsahihisha hapo hapo. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba, na kabla ya miezi miwili kwisha serikali ikaupiga marufuku. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, akakaa karibu mwaka mzima.

Mwaka 1982 watu wale wale walitayarisha mchezo mwingine wenye nyimbo nyingi, "Maitũ Njugĩra", yaani "Niimbie Mama", juu ya siku za kipande na kazi za mashamba ya walowezi. Safari hii walitaka kuuonyesha katika Ukumbi wa Taifa mjini Nairobi. Zingatieni kwamba kwa idadi ya viti ukumbi ule ni mdogo kuliko uwanja wao wa kijijini. Ukubwa wake ulikuwa wa jina. Mwezi wa Februari walipofika walikuta milango imefungwa. Wakahamia ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakaendelea na mazoezi tu, milango wazi, na watu wakajaa hata pasipo na viti. Ngũgĩ mwenyewe alikadiria kwamba waliofika kutazama mazoezi yale walikuwa kati ya 12,000 na 15,000. Kisha mlango huo pia ukafungwa, na mwezi wa Machi uwanja wa Kamiriithu ukabomolewa. "Ngaahika Ndeenda" uliingia Ukumbi wa Taifa mwezi wa Mei 2022, miaka 40 baadaye, ukaonyeshwa kwa Kiingereza na kwa Kigikuyu.

Sikuandika hayo ili nijilinganishe na watu wale. Sisi hatukufungiwa mlango na mtu. Nayataja kwa ajili ya yale mazoezi. Mchezo wa Kamiriithu ulipohama, watazamaji walikuwa wamekwisha kuwa wenyewe wa mchezo kabla haujahama. Sisi tulipokwenda Mikumi tulipeleka waimbaji, ngoma, kanga za mavazi na sufuria ya wali. Hatukumpeleka yule mzee wa mlangoni, wala hatukumtafuta wa Mikumi aliye mfano wake.

Niliporudi Mikumi wiki mbili baadaye, kwa basi na bila ngoma, niliuliza. Kijana mmoja wa gereji aliniambia bila kuficha kwamba wao nyuma hawakumwona mama akilia. Walimwona mtu mdogo amebeba kitu, wakadhani ni mlevi amebeba kiroba chake, na kipaza sauti kilipopiga kelele katikati ya jina la mtoto ndipo wakaangua kicheko. Ile kanga tuliyoikunja iwe mtoto mchanga, ambayo bwaloni iliwaliza watu, toka mbali ilikuwa kiroba. Naye hakuambiwa na mtu kuwa habari ni ya mafuriko. Alifikiri ni vichekesho vya kampuni ya simu, maana ndivyo vinavyoletwa kwa kawaida na vipaza sauti vile.

Mwalimu mwenzangu alinipa neno jingine. Alisema kicheko penye msiba si kitu kigeni kwetu, mtani hufika matangani akalala mahali pa maiti na watu wakacheka. Ni kweli, lakini mtani anamjua marehemu, na huzika pamoja na wenye msiba. Kicheko cha watu wa mbele kingalikuwa cha namna hiyo ningalifurahi. Hao wa mbele lakini hawakucheka hata kidogo. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa benchi la kwanza alinifuata siku ile ya pili sokoni, akaniambia kwamba yeye alikaa kwenye mahema Kilosa kabla hajahamia kwa mwanawe Mikumi. "Mwanangu," akasema, "nilitaka kuitikia, nikaogopa watu." Basi palikuwa na mwitikiaji Mikumi, na uwanja ulimziba mdomo.

Nilimweleza msichana wetu habari ya mama huyo na ya kiroba. Alinyamaza muda, kisha akauliza kama watu wa nyuma walicheka kanga au walimcheka yeye. Nikamwambia, kanga na kipaza sauti. Sijui kama aliniamini.

Muhula ujao tumealikwa Morogoro mjini, katika ukumbi mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuingia. Chama cha michezo kimekwisha kukubaliana mambo kadha. Kanga itaachwa, na mama ataingia mikono mitupu. Kipaza sauti hakitatumika wakati wa majina. Badala yake waimbaji 12 watasimama katika njia za kati, na kila jina litarudiwa mpaka lifike nyuma. Kabla ya mchezo kuanza mwanafunzi mmoja atasema kwa maneno machache mto ni upi na mwaka ni upi. Wazazi wa Kilosa watakaoweza kusafiri nawaomba waje, tena wasikae pamoja mbele kama wageni wa heshima, watawanyike. Mama wa Mikumi amekubali kuja kama nauli ikipatikana, na mwenye kutaka kuchangia na amwone mweka hazina wa chama.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuupima ukumbi ule kwa miguu. Toka ukingo wa jukwaa hadi kiti cha mwisho ni hatua 31. Bwalo letu lina hatua 14. Msichana amesema atafika kwenye mazoezi ya Jumanne kutazama. Kuimba hajasema.