Jinsi muziki wa Vivaldi ulivyotoka makabatini hadi kwenye santuri

JINA la Antonio Vivaldi si geni masikioni mwa wapenzi wa muziki wa Ulaya. Tungo zake nne za fidla ziitwazo Majira Manne husikika redioni, harusini, katika matangazo ya biashara na hata kwenye simu mteja anaposubiri kuhudumiwa. Kwaya nazo huuenzi utungo wake wa kidini uitwao Gloria.

Hata hivyo, mwaka wa 1900 hapakuwa na kwaya yoyote duniani iliyouimba utungo huo. Mswada wake ulikuwa umelala kabatini, na wataalamu wa muziki hawakuwa na habari nao. Vivaldi mwenyewe alitajwa vitabuni kwa ufupi tu, hasa kwa sababu Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyemzidi sifa kwa mbali wakati huo, alikuwa amezinakili na kuzigeuza baadhi ya tungo zake ili zichezwe kwa kinanda.

Je, muziki wa kiwango hicho hupotea vipi? Na ukishapotea, hurudishwa na nani?

Jibu la swali la kwanza limo katika desturi za zama zenyewe. Muziki wa Baroki, yaani ule uliotungwa Ulaya baina ya mwaka wa 1600 na 1750 hivi, ulitungwa kwa ajili ya shughuli maalumu: ibada ya sikukuu fulani, karamu ya mfalme au msimu mmoja wa maonyesho. Shughuli ilipokwisha, watu walidai kitu kipya. Ilikuwa nadra kwa umma kulipa kiingilio ili usikilize kazi za marehemu. Isitoshe, nyingi za kazi hizo hazikupigwa chapa. Zilibaki katika miswada ya mkono, pengine nakala moja pekee.

Vivaldi alizaliwa mjini Venice mnamo Machi 4, 1678, akapata upadri mwaka wa 1703. Kwa sababu ya rangi ya nywele zake alibandikwa jina la Padri Mwekundu. Kwa miaka mingi aliwafunza muziki wasichana waliolelewa katika makao ya watoto waliotelekezwa yaitwayo Ospedale della Pietà, na wengi wa wasichana hao walizipiga ala kwa ustadi uliowastaajabisha wageni. Alitunga mamia ya koncheto, yaani tungo ambamo ala moja au chache hujibizana na kundi zima, pamoja na opera na nyimbo za kanisani. Alifariki mjini Vienna Julai 28, 1741, akiwa maskini.

Majira Manne yaliponea chupuchupu kusahaulika kabisa kwa kuwa yalikuwa yamechapishwa mjini Amsterdam mwaka wa 1725. Lakini rundo la miswada aliyoiacha nyumbani lilipita mikononi mwa wakusanyaji kadhaa, hadi likamfikia Giacomo Durazzo, mwungwana wa Genoa aliyekuwa balozi wa Austria mjini Venice. Baadaye warithi wake waligawana maktaba yake mafungu mawili. Kwa zaidi ya miaka mia moja, dunia ya muziki haikujua kwamba mafungu hayo yapo.

Majuzuu yenye majina ya watoto wawili

Mnamo 1926 watawa wa Kisalesiani, shirika linalofahamika vyema nchini Kenya kwa vyuo vya ufundi vya Don Bosco, walikuwa na shule katika kijiji cha Borgo San Martino, kaskazini mwa Italia. Fungu moja la maktaba ya Durazzo lilikuwa limewaangukia kama wasia. Kwa kuwa walihitaji fedha, waliiomba Maktaba ya Taifa mjini Turin iwakadirie thamani ya vitabu hivyo vikuukuu.

Mkurugenzi wa maktaba, Luigi Torri, alimkabidhi kazi hiyo Alberto Gentili, mhadhiri wa historia ya muziki katika Chuo Kikuu cha Turin. Miongoni mwa majuzuu yaliyoletwa, Gentili aligundua kwamba 14 yalikuwa ya Vivaldi, mengi yakiwa kwa mwandiko wa mtunzi mwenyewe.

Tatizo lilikuwa fedha. Maktaba haikuwa na uwezo wa kuyanunua, na endapo habari zingewafikia wafanyabiashara wa vitu vya kale, majuzuu yangetawanyika tena. Ndipo alipojitokeza tajiri mmoja wa masuala ya hisa, Roberto Foà, aliyekuwa amefiwa na mwanawe mchanga, Mauro. Aliyanunua mwaka wa 1927 na kuyatoa kwa maktaba kwa kumbukumbu ya mtoto huyo.

Gentili hakuishia hapo. Kutokana na namba za majuzuu alitambua kuwa mkusanyo haukuwa kamili. Uchunguzi wa ukoo wa Durazzo uliwafikisha yeye na Torri kwa mrithi mmoja mzee mjini Genoa, ambaye alibembelezwa kwa muda mrefu kabla ya kukubali kuuza. Mara hii fedha zilitolewa mwaka wa 1930 na Filippo Giordano, mwenye kiwanda cha nguo, ambaye naye alikuwa amempoteza mwanawe mdogo, Renzo. Hadi leo majuzuu hayo 27, yenye tungo zipatazo 450, hutajwa kwa majina ya Foà na Giordano.

Ila hatima ya waokoaji haikuwa njema. Mwaka wa 1938 utawala wa Mussolini ulipitisha sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Gentili, aliyekuwa Myahudi, alipokonywa kazi yake chuoni. Foà pia alikuwa Myahudi. Hivyo basi, Wiki ya Vivaldi ilipoandaliwa mjini Siena mnamo Septemba 1939 chini ya Alfredo Casella, na Gloria ikasikika tena baada ya takriban karne mbili, mtu aliyeitambua hazina hiyo alikuwa amekwisha kutengwa na taifa lake.

Santuri zabadilisha mambo

Mswada ukipatikana bado ni bubu. Sharti usomwe, makosa ya wanakili yasahihishwe, na kila mpigaji aandikiwe sehemu yake. Kazi hiyo ilianza kwa dhati mwaka wa 1947, pale taasisi yenye jina la Vivaldi ilipoasisiwa nchini Italia na kampuni ya Ricordi ikaanza kuchapisha tungo zake, nyingi zikihaririwa na mtunzi Gian Francesco Malipiero.

Mwishoni mwa mwaka uo huo, Mmarekani Louis Kaufman alirekodi Majira Manne mjini New York. Mwaka wa 1955 kundi la I Musici la Italia nalo likatoa rekodi yake, na mauzo yakapaa.

Wakati ulikuwa muafaka. Santuri za awali zilibeba dakika nne au tano tu kwa kila upande. Zile ndefu zilizoingia sokoni mwaka wa 1948 zilibeba zaidi ya dakika 20, kwa hivyo koncheto kadhaa zilienea katika santuri moja. Fauka ya hayo, muziki wa Baroki ulihitaji wapigaji wachache, na mtunzi aliyefariki karne mbili zilizopita hadai mrabaha. Kampuni ndogo za kurekodi ziliona faida hapo.

Opera zilichelewa zaidi kwa sababu ya gharama. Rekodi ya Orlando furioso iliyotolewa na Claudio Scimone na mwimbaji Marilyn Horne mwishoni mwa miaka ya sabini iliwafungua wengi macho. Mwaka wa 1999 Cecilia Bartoli alitoa albamu ya nyimbo za opera za Vivaldi, nyingi zikiwa hazijulikani, na ikauzwa kwa wingi. Kufikia hapo mradi mkubwa ulikuwa jikoni: kurekodi mkusanyo wote wa Turin. Mradi huo, unaotambulika kwa nembo ya Naïve, umekwisha kutoa diski zaidi ya 60.

Ni mali ya nani?

Uvumbuzi haukukoma. Maktaba ya chama cha waimbaji cha Sing-Akademie cha Berlin, iliyotoweka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilipatikana Kiev, Ukraine, mwaka wa 1999 na kurejeshwa Ujerumani mwaka wa 2001. Ndani yake mtafiti Steffen Voss alitambua muziki wa Motezuma, opera ya Vivaldi iliyochezwa Venice mwaka wa 1733 na kudhaniwa imepotea. Sehemu zake kadhaa hazikuwapo. Rekodi ya Alan Curtis iliyotolewa mwaka wa 2006 ilijazwa mapengo na Alessandro Ciccolini.

Kabla ya hapo mgogoro ulikuwa umefika mahakamani. Sheria ya Ujerumani humpa anayechapisha kwa mara ya kwanza kazi ya kale haki ya kuidhibiti kwa miaka 25, na Sing-Akademie ilidai haki hiyo. Mnamo 2009 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilitupa dai hilo, ikisema chama hakikuthibitisha kwamba opera hiyo haikuwa imewahi kutolewa kwa umma mwaka wa 1733. Uamuzi huo una uzito. Kulipata kabati ni jambo moja, kuumiliki wimbo ni jambo jingine.

Aidha, jina lililo juu ya karatasi haliaminiki daima. Katika maktaba ya Dresden kulikuwa na zaburi zilizopewa jina la Baldassare Galuppi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtafiti wa Australia Janice Stockigt alitambua kwamba Nisi Dominus na Dixit Dominus zilikuwa za Vivaldi. Mnakili wa Venice, Iseppo Baldan, alikuwa ameziuza kwa jina la Galuppi, ambaye soko lake lilikuwa zuri zaidi.

Kinyume chake pia hutokea. Adagio mashuhuri inayouzwa kwa jina la Tomaso Albinoni ilichapishwa mwaka wa 1958 na mtaalamu wa Italia, Remo Giazotto, na leo inakubalika kuwa ni utungo wake mwenyewe.

Msikilizaji basi afanye nini? Asome kijitabu cha diski kabla ya kulisadiki jalada. Atazame mswada ulitoka maktaba gani, nani aliuhariri, na kama kuna sehemu zilizojazwa na mtu wa leo. Rekodi ya haki hueleza mambo hayo waziwazi, na haipungukiwi na utamu kwa kufanya hivyo.

Gloria haikuokolewa na ubora wake, kwani ubora huo ulikuwamo kabatini muda wote. Iliokolewa na mhadhiri aliyekagua namba za majuzuu kwa makini, na wazazi wawili waliochagua kuwakumbuka watoto wao kwa karatasi ambazo hakuna aliyekuwa akizitaka.