Kinanga cha Shaba na Donge la Soda

Swali lenyewe huja na sura ileile kila mara. Mtu ameshika mfano wa ngalawa usiozidi shubiri mbili, kiganjani ana kinanga cha shaba kidogo kuliko punje ya mchele, na anauliza: "Fundi, gundi gani inashika shaba?" Kabla hajajibiwa anaongeza, "Maana nimetia supagluu na soda, bado kimebanduka." Wachongaji wanaowauzia wageni ufuoni Diani huuliza hivyo. Mwanafunzi wa Msambweni mwenye kazi ya sanaa shuleni huuliza hivyo. Hata mstaafu wa Ukunda, aliyeletewa na mwanawe kiboksi cha manowari ya plastiki kutoka Ujerumani, huanza na swali hilohilo. Basi jibu liandikwe lote, mara moja, waulizaji waelekezwe huku.

Supagluu inashika shaba, ikitiwa kidogo kwenye shaba safi. Soda ndiyo inayoharibu kazi.

Hakuna anayebisha kwamba kazi hii inatia wazimu. Ngalawa ya mita 6 ikichongwa kwa kipimo cha moja kwa ishirini inakuwa sentimita 30, na msumari ambao kichwa chake kilikuwa sentimita 1 unageuka nukta ya nusu milimita. Vile vipande vya shaba vinavyokuja ndani ya viboksi vya mifano hukatwa kutoka bati la unene wa milimita 0.1 au 0.2, mara nyingi kwa kuliwa na feriki kloraidi, dawa ileile wanayotumia wenye kutengeneza vibao vya saketi. Kibano kikibana kwa pupa, kipande kinaruka. Kinasikika "tik" mahali fulani chini ya meza, na habari zake zimeishia hapo. Wapo wanaokimbilia sumaku ya spika mbovu kukitafuta. Watakesha, kwa kuwa shaba haivutwi na sumaku. Wenye kutengeneza saa na pete walilimaliza jambo hili zamani: nguo nyeupe inabanwa ukingoni mwa meza, upande wa pili unafungwa kiunoni, na kinachoanguka kinaangukia mapajani. Leso kuukuu isiyo na maua mengi inatosha.

Sasa turudi kwenye soda, maana hapo ndipo watu wanapopotezwa.

Mafunzo yake yanasambaa kwa video za simu. Mtu anamimina tone la supagluu kwenye vyuma viwili, ananyunyiza soda ya kuokea, kimoshi kinapanda, na kufumba na kufumbua pana donge gumu kama jiwe. Anavuta kwa koleo, hakitoki. Video imekwisha. Haionyeshi hali ya chuma hicho baada ya mwezi, wala haionyeshi kikivutwa kwa pembeni, kuanzia ukingoni, namna vitu vinavyobanduka hasa katika maisha. Supagluu huvumilia sana kuvutwa wima. Ikiinuliwa ukingo, au ikipigwa kishindo kimoja cha sanduku uwanja wa ndege, inavunjika.

Kinachotokea pale ni hiki. Supagluu haikauki kama gundi nyeupe ya maseremala, inayopoteza maji hadi ikaganda. Ni sianoakrilati, na hubaki majimaji chupani kwa sababu imetiwa asidi kidogo ya kuizuia. Ikigusa unyevu mwembamba uliotanda juu ya karibu kila kitu, molekuli zake huanza kushikana minyororo. Soda, iliyo jamaa ya magadi ya Ziwa Magadi, ni alkali: inaiua ile asidi na kuwasha mchakato wote kwa mpigo mmoja, tena kwa joto. Kimoshi wanachokishangilia watazamaji ni mvuke wa gundi yenyewe, na ndio unaowasha macho. Gundi inaganda kuzunguka chembe za soda kabla haijapata nafasi ya kutambaa juu ya shaba na kuishika. Donge hilo linajishika lenyewe barabara. Shaba linaigusa tu.

Asiyeamini achukue kinanga kilichobanduka akiweke chini ya kioo cha fundi saa. Upande uliokuwa umegandishwa unang'aa, safi, bila hata utando wa gundi. Halafu alitazame donge lililobaki kwenye ubao: ataona alama ya kinanga imechapwa humo, mikono yake yote, mpaka mkwaruzo wa tupa. Gundi ilikuwa imekizingira. Haikuwahi kukishika.

Kwa haki yake, soda ina kazi yake. Ufa katika mti wa mwembe, au tundu lililotobolewa vibaya, hujazwa vizuri kwa mchanganyiko huo, kwa kuwa gundi huzama katika vinyweleo vya mti; mafundi wa magitaa nao huutumia kujaza mfereji wa uzi uliochimbika kupita kiasi. Lakini kujaza ni jambo moja na kuunga ni jambo jingine. Na hata katika kujaza, donge huwa gumu kuliko mti ulio kando yake, hivyo msasa unakula mti na kuliacha donge limesimama kama chunjua.

Yuko pia anayesema, "Mbona vyangu vilikaa mwaka mzima?" Vilikaa Diani. Mti hunywa unyevu na kuutoa: wakati wa masika unavimba kwa upana, hewa ikikauka unasinyaa. Shaba haijui unyevu. Mfano ukibaki pwani, mabadiliko ni madogo. Ukinunuliwa na mgeni na kuwekwa sebuleni kwake Ulaya katikati ya baridi, kwenye nyumba inayopashwa moto usiku na mchana, mti unakauka kwa kiasi ambacho haujawahi kukauka Kwale. Unajivuta, shaba haisogei, na kati yao pana gundi isiyonyumbuka hata kidogo. Kinanga kinadondoka bila kuguswa na mtu. Mchongaji anaambiwa kazi yake ni ya ovyo, na labda kazi ya kisu ilikuwa nzuri kupita nyingine zote ufuoni.

Tena unyevu wenyewe, ukikaa muda mrefu, huidhoofisha supagluu pale inapokutana na chuma, na huku kwetu hewa ya bahari haitoi likizo. Ule ukungu mweupe unaotokea kuzunguka kiungo nao si chumvi ya bahari, kama wengi wanavyodhani. Ni mvuke wa gundi ulioganda juu ya kazi, na gundi ikizidi, ukungu unazidi.

Husemwa pia kwamba gundi hii ilibuniwa kwa ajili ya vyuma vya vita, kwa hiyo haishindwi na kinanga. Ni chuku. Mwaka 1942 Harry Coover na wenzake wa kampuni ya Kodak huko Marekani walikuwa wanatafuta plastiki angavu ya kutengenezea shabaha za bunduki. Wakaitupilia mbali dawa hii kwa sababu ilinata kila mahali. Ilirudiwa mwaka 1951 na kuingia sokoni mwaka 1958.

Sasa la kufanya, kwa haraka, maana haya yamewahi kusemwa.

Kwanza, iulizwe kama chuma kinahitajika kabisa. Mchongaji aende Gazi au Shimoni maji yakiwa yametoka, aitazame ngalawa ya kweli: mirengu, ile miti inayotoka ubavuni, imefungwa kwa kamba. Mtepe wa zamani ulishonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Mfano uliojaa vyuma ambavyo chombo chenyewe hakina umedanganya mara mbili, na uzi uliopakwa nta ungeshika vizuri zaidi kwa bei ya peremende.

Chuma kikihitajika, kisuguliwe kwa msasa laini, kifutwe kwa asetoni, kisiguswe tena kwa vidole; mafuta ya nazi ya nywele yanatosha kuharibu kila kitu. Wenye kusafisha kwa ndimu wasuuze kwa maji mengi, la sivyo kijani kitarudi. Mafundi wa vyombo hutoboa kwa keekee kabla ya kupiga msumari, na mfano unataka adabu hiyohiyo: tundu la nusu milimita, uzi wa shaba uchomekwe kama kijiti, kisha tone la gundi lichukuliwe kwa ncha ya sindano, si kwa mdomo wa chupa. Panapopita mzigo au penye nafasi, itumike gundi ya mirija miwili, ichanganywe sawa kwa sawa na iachwe hadi kesho yake. Shaba kwa shaba ni lehemu: ya risasi na bati huyeyuka karibu nyuzi 190, mbali kabisa na kuyeyuka kwa shaba, na fundi simu yeyote wa Ukunda ana kifaa chake. Kipande kinachokatika kikikunjwa kipitishwe kwenye moto hadi kiwe chekundu cha kufifia, kipoe, kitakunjika bila ubishi.

Jambo moja halina haraka. Supagluu isifutwe kwa pamba. Ikilowa kwenye pamba hupata joto kali ghafla, huunguza ngozi na inaweza hata kuwaka, na penye kukalafatiwa vyombo pamba imezagaa kila pembe. Vidole vikigandana viloweshwe maji ya vuguvugu yenye sabuni na kuachanishwa polepole kwa kuviringisha, bila kuvuta. Ikiingia jichoni ni maji tele na hospitali, bila asetoni na bila tiba za jirani. Vichupa vya dawa ya macho vinafanana nayo mno. Visikae rafu moja.

Kichupa kikishafunguliwa kitiwe ndani ya mkebe uliofungwa vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, mahali pa baridi. Kitolewe kipoteze ubaridi kabla ya kufunguliwa, ili unyevu usigandie mdomoni. Gundi ikianza kuvutika kama ulimbo, itupwe, inunuliwe nyingine.