Mabingwa wa Msokoto: Rekodi za Nyuzi Zizungukazo, Kuanzia Embu Hadi Meru

Barabara itokayo Embu kwenda Meru huvuka ikweta baada ya Nkubu, kabla ya kuingia mjini Meru. Kusini na kaskazini ya mstari huo mashamba ni yaleyale: maharagwe ya kupanda, njahi, viazi vikuu, karakara. Yote ni mimea yenye shina au vikono laini ambavyo huzunguka hewani vikitafuta pa kushika. Vikigusa kizuizi, hujisokota. Nyuzi zinazozunguka au kujisokota zipo pia katika kamba ya kuruka, asali inayomiminwa na hata mkia wa bakteria. Hawa hapa walioshika rekodi.

Duara pana zaidi

Ncha ya mharagwe huzunguka kwa sababu upande mmoja wa shina hukua haraka kuliko mwingine, na upande huo hubadilika kila mara. Mzunguko mmoja huchukua takriban saa 2. Shina likigonga mti, sehemu iliyogonga husimama lakini ncha huendelea kuzunguka, na hapo ndipo umbo la skrubu linapozaliwa. Charles Darwin alipima mizunguko hiyo nyumbani kwake Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 1865. Bingwa wake alikuwa mmea wa jenasi ya Ceropegia, ambayo ina spishi nyingi Afrika Mashariki. Ncha yake ilichora duara lenye kipenyo cha zaidi ya mita 1.5, kila mzunguko ukichukua kati ya saa 5 na 7.

Mguso mwepesi zaidi

Mkulima wa karakara anavijua vile vikono vinavyokamata waya. Darwin alivijaribu vya Passiflora gracilis, ndugu wa karakara yetu, akaona vinaanza kujikunja takriban sekunde 30 baada ya kuguswa. Kipande cha waya chenye uzito wa miligramu 1.23 tu kilitosha kukiamsha kikono. Alikiri kwamba hakuna mmea mwingine wa kupanda aliouchunguza ulioushinda huo kwa wepesi.

Tazama pia kikono kilichokwisha kushika waya. Nusu yake imejisokota kuume na nusu kushoto, katikati kuna kipande kilichonyooka. Haiwezi kuwa vinginevyo: ncha zote mbili zimefungwa, kwa hiyo kila mzunguko wa upande mmoja lazima ulipwe kwa mzunguko wa upande wa pili.

Upande wenye wafuasi wengi zaidi

Wapo wanaoamini kwamba mimea ya kaskazini ya ikweta hujisokota upande mmoja na ya kusini upande wa pili. Mwaka 2007 watafiti Will Edwards, Angela Moles na Peter Franks walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali za pande zote mbili za dunia. Asilimia 92 ya mimea inayojisokota ilipanda kwa skrubu ya kuume, iwe kaskazini au kusini. Ukiitazama kutoka juu, hiyo ni kinyume cha mishale ya saa.

Baadhi ya viazi vikuu huvunja kanuni hiyo. Dioscorea alata hupanda kuume, ilhali Dioscorea bulbifera hupanda kushoto, na wataalamu wa mimea hutumia tofauti hiyo kuzitambua spishi. Upande umeandikwa ndani ya mmea wenyewe.

Kasi kubwa zaidi

Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walieleza kwamba bakteria haogelei kwa kuupunga mkia, bali kwa kuuzungusha. Mkia huo una unene wa takriban sehemu moja ya milioni ya sentimita mbili, na umbo lake ni skrubu. Vibrio alginolyticus, bakteria wa baharini aliye jamaa ya yule wa kipindupindu, ameonekana akiuzungusha hadi mara 1,700 kwa sekunde.

Kamba kongwe zaidi

Wanawake wa Meru na Embu wanaosokota uzi wa kiondo pajani hupinda kila uzi upande mmoja, kisha huunganisha nyuzi mbili kwa kuzipinda upande wa pili. Kila uzi ukitaka kufumuka humkaza mwenzake, na kamba inajifunga yenyewe. Ujuzi huo ni wa kale mno. Kipande cha kamba kilichopatikana Abri du Maras, Ufaransa, na kutangazwa mwaka 2020, kina umri wa kati ya miaka 41,000 na 52,000. Kilisokotwa na Waneanderthali kwa nyuzi tatu, kwa kanuni hiyohiyo ya kupinda na kupindua. Urefu wake ni milimita 6 hivi.

Mchezo wa kawaida uliochelewa kupata hesabu

Kamba ya kuruka huonekana kama upinde mmoja usioinama mbele wala nyuma. Mwaka 2012 Jeffrey Aristoff na Howard Stone walionyesha, kwa milinganyo na kwa mashine iliyopigwa picha za kasi, kwamba hewa huisukuma kamba nyuma, hivyo katikati yake huchelewa kuzifuata ncha. Kujipinda huko huipunguzia kamba ukinzani wa hewa.

Uzi mgumu kuigiza

Gustav Kirchhoff aliandika milinganyo ya fimbo nyumbufu mwaka 1859, lakini kompyuta zilihitaji njia nyepesi. Mwaka 2008 Miklós Bergou na wenzake waliugawa uzi katika vipande vifupi vilivyonyooka, kila kimoja kikibeba pembe yake ya msokoto. Mwaka 2010 waliipanua mbinu hiyo hadi kwenye umajimaji mzito, na asali ikajikunja kwenye skrini kama inavyojikunja kwenye sahani ya mfugaji nyuki wa Mbeere.

Walimu wa fizikia wa Embu na Meru, basi, msingoje maabara. Pandeni maharagwe Nkubu na mengine mjini Meru, kila mche na kijiti chake, wanafunzi waandike upande unaozunguka. Ikweta haitabadili kitu, nao watakuwa wamelithibitisha hilo kwa macho yao.