Monita ya chogo ikigoma kwenye Linux ya zamani

Tuseme hapo Mang'ula umepata kompyuta ya mtumba yenye Linux ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Maandishi yanapita fresh, halafu picha inavurugika kama TV iliyopoteza stesheni. Monita haijafa. Bonyeza Ctrl, Alt na F1 urudi kwenye maandishi, uingie kama root, ufungue faili la /etc/X11/XF86Config.

Tafuta HorizSync. Monita ya chogo huchora picha mstari kwa mstari. Kwa 640x480 inapiga mistari 525 (45 huioni), mara 60 kila sekunde. Zidisha: 31,500, yaani kilohezi 31.5. Andika hiyo, na VertRefresh 60. Usibahatishe namba kubwa! Monita nyingi za zamani hazina kinga. Ukiilazimisha ikimbie kupita uwezo wake inaweza kuungua, na nyingine ni nauli mpaka Ifakara. Ikivurugika tena, Ctrl, Alt na Backspace upesi.

Mausi ni rahisi zaidi. Mshale ukirukaruka ovyo, hamuelewani lugha tu. Plagi ya duara: Protocol "PS/2", Device "/dev/psaux". Plagi pana ya matundu tisa: jaribu "Microsoft" na "/dev/ttyS0". Kisha andika startx.