Harufu ya Nyumba na Kumbukumbu Zetu

Mtu akiulizwa habari za nyumba aliyozaliwa, kwanza hutaja hesabu ya vyumba na upande uelekeao mlango. Lakini mwambieni afumbe macho, anyamaze kidogo. Ndipo atakapotaja moshi wa kuni, ubaridi wa sakafu ya udongo, na mahindi yaliyowekwa darini. Twapenda kueleza sababu yake.

Tuonayo, tusikiayo na tuguswayo hupita kwanza katika kituo kilicho katikati ya ubongo, mfano wa karani apokeaye barua na kuzigawa. Harufu haimngoji karani huyo. Juu ndani ya pua mna neva ziipelekazo moja kwa moja karibu na sehemu za ubongo zitunzazo hofu, furaha na kumbukumbu. Kwa hiyo harufu moja yaweza kumrudisha mtu miaka 30 nyuma, kabla hajatambua ni harufu ya nini. Tena pua huchoka upesi: mwenye nyumba haisikii harufu ya nyumba yake, bali mgeni huisikia tangu kizingitini. Nasi twaijua harufu ya kwetu siku ile turudipo kutoka safari.

Huku Tabora mfano ulio bora ni tembe: kuta nene za udongo, dari ya miti iliyofunikwa udongo, na ua katikati. Kwihara, nje kidogo ya mji, liko tembe alimokaa Stanley mwaka 1871, na Livingstone mwaka 1872 alipokuwa akiwangoja wapagazi kutoka pwani. Sasa ni nyumba ya makumbusho. Macho huyaona mengi humo, lakini pua haikuti jasho la wapagazi, wala ngozi, wala chumvi ya Uvinza, wala asali ya misitu ya Unyamwezi. Fikirini msafara wa Burton na Speke, uliofika Tabora Novemba 1857 baada ya miezi 4 na zaidi ya jua na vumbi. Mtu wa msafara namna ile akiingia katika tembe, kabla hajaona kitu gizani, ngozi yake imekwisha kupata ubaridi, na masikio yamekwisha kupata utulivu, kwa maana ukuta mnene wa udongo huzuia joto na makelele pia.

Mvua nayo ina mambo yake. Harufu ile ya udongo uliopata maji baada ya kiangazi hutoka kwa vijidudu vidogo mno viishivyo udongoni, na pua ya mwanadamu huitambua hata ikiwa ni chembe tu. Juu ya dari ya udongo mvua husikika kwa mbali. Juu ya mabati hunguruma. Sisi walimu twalijua sana hilo: mvua ikianza, somo limekwisha.

Hatuyalaumu mabati, maana hayavuji kama udongo. Shida kubwa ni saruji ipakwayo juu ya ukuta wa udongo. Ukuta huo huvuta unyevu na kuutoa tena. Ukizibwa kwa saruji, unyevu hubaki ndani, udongo huoza na kumomonyoka pasipo kuonekana, na chumba hunuka ukungu. Watoto wakuao humo watakumbuka ukungu huo. Mwenye nyumba ya zamani afadhali aikandike tena kwa udongo kila mwisho wa mvua, na maji ya paani ayapeleke mbali na msingi.