Picha Safi, Malipo Bila Maswali

Kofia ya kushonwa kwa mkono Lamu huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Mteja aliye Nairobi anaiona kwa sekunde chache tu, kwenye simu. Picha ikiwa na giza, anapotea. Picha ikidanganya, atataka pesa zake zirudi. Haya, shika simu yako tufanye zoezi.

Mwanga. Jua la saa sita mchana hufifisha rangi na kuleta vivuli vikali. Kaa kwenye daka la nyumba, asubuhi au alasiri. Zima flashi. Upande mmoja una giza? Simamisha karatasi nyeupe hapo irudishe mwanga.

Karibu. Anayenunua makubadhi ya Siyu anataka kuona ngozi na mshono. Futa lenzi kwanza, maana chumvi ya baharini hushika. Sogea wewe, usivute picha kwa vidole. Gusa skrini pale unapotaka paonekane wazi. Piga nyingine yenye rula kando, ukubwa ujulikane.

Kuhariri. Kata pembeni, ongeza mwanga kidogo, basi. Rangi usiiguse. Kuna kasoro? Ipige picha pia, umtumie kabla hajalipa.

Na kumbuka: kama wewe unaweza kuhariri picha, mnunuzi naye anaweza. Akikutumia picha ya ujumbe wa malipo, usiiamini. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, ndipo mzigo upande boti.